Vumbi Lake Lina Risasi

Juzi nilimpeleka mwanangu kwenye duka la wanyama wa kufuga, kule Lanham. Ameniganda miezi mingi kwamba anataka panya, wale wanene wanaokimbia ndani ya gurudumu, na mimi nimechoka kukataa. Panya mwenyewe alinitia kinyaa, lakini nilijikaza nikatabasamu. Kisha kijana wa dukani akafungua mfuko wa matandiko ya kumwaga chini ya tundu, chenga kavu za rangi ya udongo, akanisogezea ili nione zilivyo laini. Nilizinusa kabla sijaziangalia vizuri. Yalikuwa magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Mate yale mepesi ya kabla ya kutapika yakanijaa mdomoni, nikamshika mwanangu mkono, nikatoka naye nje bila hata kumuaga yule kijana. Tulirudi nyumbani bila panya.

Ninyi wa rika langu, mliolelewa na wazazi waliohamia huku ughaibuni, najua kila mmoja ana harufu inayomrudisha kwao. Wengine ni mafuta ya nazi, wengine ni chapati za Jumamosi. Yangu ni magunzi yaliyosagwa, yamechanganyika na shaba chafu na moshi wa baruti uliolala, ndani ya nyumba yetu ya Temple Hills, ambamo mdogo wangu Tumaini alipatikana na risasi katika damu. Nasema risasi makusudi, kwa sababu neno hilo ndilo lililotuponza.

Baba alikuwa mlinzi kwenye jengo la ofisi mjini, mlinzi wa kubeba bastola, na kazi ilimtaka afanye mazoezi ya shabaha asije akapoteza kibali. Alianza kwa kulazimika, akaishia kupenda. Kila Jumamosi alikwenda kwenye uwanja wa shabaha wa ndani ya jengo, akarudi na macho mekundu na nguo zinazonuka kama fataki, na jambo la kwanza alilofanya mlangoni ni kumbeba Tumaini na kumzungusha hewani. Tumaini alikuwa ndio kwanza anajifunza kutembea. Alikuwa akificha uso wake kwenye shati la Baba na kulinyonya kola.

Kisha ikaja ile miezi ambayo maduka yaliishiwa risasi. Baba si mtu wa kuambiwa kitu hakuna na akakubali. Siku moja tukiwa mezani akatangaza kwamba kuanzia sasa atakuwa akijitengenezea mwenyewe, hapa nyumbani, chini kwenye besmenti, kile chumba cha chini ya nyumba.

"Utatengeneza nini?" Mama akauliza.

"Risasi. Na si kutengeneza, ni kujaza upya. Ganda unalo, unaweka baruti, unaweka kichwa, unabana, imeisha. Wazungu wanafanya hiyo kazi na watoto wao wako hapo kando."

"Wazungu pia wanalala na mbwa kitandani," Mama akasema. "Hiyo nayo tunaanza lini?"

Baba alicheka, na hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yake. Hakuwahi kusubiri ruhusa nyingine.

Katika jambo moja nitamtendea haki: alichagua vifaa vyake kwa makini kuliko alivyochagua nyumba. Kwa wiki nyingi alikaa na simu akitazama wanaume wenye ndevu wakieleza mashine zao. Kulikuwa na presi, mashine ya kubania, ile ya kuzunguka, ambayo kila ukivuta mpini inakutolea risasi iliyokamilika, na kulikuwa na ile nzito ya kizamani inayofanya hatua moja tu kwa wakati mmoja. Akachagua ya kizamani. "Mimi si kiwanda," alisema. "Nataka nione kila moja kwa macho yangu." Akaifunga kwa bolti kwenye meza ya mbao. Akanunua kalibu za kurudisha ganda kwenye umbo lake. Akanunua mizani ya umeme ya kupimia baruti, akagundua namba zake zinayumba kila hita ya nyumba ikiwaka, basi akanunua mizani ya pili, ile ya kusawazisha kwa mkono, ili moja iwe inaisahihisha nyingine. Alipokuwa akipima hatukuruhusiwa hata kukohoa. "Hii kitu ukikosea kidogo inakupasukia usoni," alituambia. Kila kilichoweza kupasuka Baba alikiogopa na kukiheshimu. Kisichopasuka hakukiona.

Kwa sababu yote hayo yalikuwa kuhusu kujaza. Kuhusu kusafisha hakutazama hata video moja.

Maganda yenyewe aliyaokota sakafuni kule uwanjani, yake na ya watu wengine, akayaleta kwenye mfuko wa mchele. Aliyamwaga juu ya gazeti nami nikasogea nikitarajia kitu cha kung'aa. Ulikuwa uchafu mtupu. Maganda yalikuwa meusi mdomoni, yanateleza kwa masizi, mengine yamekanyagwa, moja limegandwa na ubani uliotafunwa ambao bado ulikuwa na alama za meno ya mtu. Kulikuwa na nywele. Baba aliyachambua kwa mikono mitupu, na kufikia mwisho ncha za vidole vyake zilikuwa za kijivu, na ile mistari ya vidole imejichora kama kwa penseli. Alinawa, sitamsingizia. Lakini kulikuwa kule kunawa kwa kuchovya na kujifuta kwenye suruali, kisha akaketi na kumega ugali.

Mara ya kwanza aliyachemsha. Aliyatia kwenye sufuria, akaweka sabuni na ndimu, akawasha jiko letu la kupikia. Nyumba ikajaa harufu ambayo ukishaisikia unaionja: ndimu, na ile ladha ya kulamba ufunguo. Maji yakawa ya kijani, halafu meusi, na povu likapanda likaacha pete ya mafuta ya kijivu kwenye kingo za sufuria. Mama aliingia akitoka kazini, bado amevaa sare yake ya kuhudumia wazee, akasimama mlangoni.

"Baba Zawadi," akamwita kwa jina langu. "Hiyo ni sufuria gani?"

"Hii ya kando tu."

"Hiyo ni sufuria ya uji. Asubuhi nimepikia watoto uji humo."

"Si nitaiosha."

Mama alingoja maji yapoe, akavaa mfuko wa plastiki mkononi, akaibeba ile sufuria pamoja na vilivyomo hadi kwenye pipa la nje. Baba alitoka nyuma yake kwenda kuokoa maganda yake. Nilimwona kupitia dirishani akiwa ameinama, mkono umezama kwenye pipa la taka hadi begani. Niliona haya kwa ajili yake, na niliona kinyaa, na kwa umri ule sikujua kuvitenganisha.

Basi Baba akaenda kwa Ami Shaabani. Huyu alikuwa mlinzi mwenzake, mtu wa Mombasa aliyekuwa akiishi Lanham, mpole, mwenye Kiswahili kizuri mpaka Mama alikuwa akimchokoza kwa kumwomba arudie sentensi. Alikataa tumwite Uncle. Kwao ni Ami, na hapa pia atakuwa Ami. Naye alikuwa akijaza risasi nyumbani kwake, ila alifanyia kwenye kibanda cha nyuma, nguo za kazi hiyo anazivua hukohuko, na maganda yake aliyasafisha kwenye pipa linalofungwa kabisa, kwa maji na pini ndogo za chuma. Kabla ya hapo alikuwa na mashine nyingine, bakuli la plastiki la buluu linalotikisika. Unalijaza magunzi yaliyosagwa, unatia maganda, unawasha, na yale magunzi yanasugua uchafu mpaka maganda yanatakata. Kifuniko chake kilikuwa kimevunjika zamani.

Nilikuwapo Ami Shaabani alipokuwa akimpa Baba lile bakuli. Tulikuwa kwenye kibanda chake na mimi nimezuiwa kugusa chochote.

"Chukua," alisema. "Mie siitumii tena. Vumbi lake lina risasi."

Baba akacheka. "Sasa mashine ya risasi itakuwa na vumbi la nini, la unga?"

Ami Shaabani naye akacheka, kama mtu anavyomchekea rafiki. Baba akauliza kuhusu lile pipa la maji, Ami akamweleza kwamba ni bora, halipeperushi kitu. Baba akalipiga kofi kidogo kwa dharau. "Hii nayo ni ya nini, tunaosha maganda ama tunafua nguo?" Wakacheka tena, wakalibeba lile bakuli la buluu pamoja hadi kwenye gari letu.

Baba aliliweka besmenti, kati ya mashine ya kufulia na ile ya kukaushia nguo, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na plagi. Lilinguruma mchana kutwa. Ukisimama juu ya ngazi ulikuwa ukiliona vumbi jembamba likipanda kutoka kwenye bakuli lisilo na kifuniko na kutua polepole juu ya kila kitu: juu ya mashati yangu ya shule yaliyokunjwa, juu ya bibu, vile vitambaa vya Tumaini vya kuzuia mate, juu ya kapu la taulo safi. Nilipitisha kidole juu ya mashine ya kufulia nikaacha mstari. Nikakinusa, nikakifuta kwenye soksi.

Na magunzi, jamani. Magunzi ndiyo yaliyomlewesha Baba. Kwao ni upande wa Kitale, nchi ya mahindi, na alipofungua mfuko wa kwanza aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akafumba macho. "Njooni mnuse. Hii ni harufu ya stoo ya babu yenu." Alishangaa na kufurahi kwamba kuna nchi ambayo watu wanauziwa magunzi. "Sisi tunawashia moto. Hapa wanakuwekea kwa mfuko na picha." Nilinusa, na kweli ilikuwa harufu tamu, ya shambani, na kwa akili yangu nikaamua kwamba ni chakula cha kuku. Hakuna aliyeniambia hivyo. Ila mama yake Baba alikuwa na kuku ambao tulikuwa tukiwasikia kwenye simu, na mtu aliyeleta mfuko mkubwa wa mahindi yaliyosagwa nyumbani hawezi kuwa na nia nyingine. Nilingoja kuku hadi nikachoka.

Magunzi yakishatumika hubadilika rangi, yanakuwa ya kijivu, na huna budi kuyachekecha ili maganda yabaki. Baba alichekechea kwenye kichungi cha Mama cha kuoshea sukuma wiki. Kilikuwa na matundu ya saizi aliyoitaka, akanisisitizia hilo kama mtu aliyegundua dawa. Aliketi sakafuni na beseni katikati ya miguu, akitikisa, na Tumaini akaketi mbele yake na kuzamisha mikono kwenye yale magunzi ya kijivu. Aliyachota, akayamwaga juu ya mapaja yake, akayachota tena. Vidole vilivyolowa mate vilitoka vimevaa chenga, akaviweka mdomoni, akavinyonya vikawa safi. Baba alimwangalia kwa upendo. Naapa ulikuwa upendo. "Anacheza na mchanga wa kwao," alisema.

Kichungi kilisuuzwa kikarudishwa jikoni. Siku zile sukuma wiki yetu ilikuwa inakwaruza. Nilisaga kitu kidogo kigumu kati ya meno, nikadhani ni mchanga, nikameza, kwa sababu kwetu kutema chakula kulikuwa kosa kubwa kuliko kula mchanga. Hadi leo siwezi kula mboga ambayo sikuiosha mwenyewe, na rafiki zangu wananiita mwenye madoido.

Tumaini akaanza kukataa chakula. Alilia akishika tumbo, alikaa siku kadhaa bila choo, halafu akawa mtoto wa kukasirika, yeye aliyekuwa akicheka na kila mtu. Mama alisema ni meno. Ulipofika wakati wake wa kupimwa kama watoto wote wa umri ule, walimtoa damu, na baada ya siku chache kliniki ikapiga simu turudi naye upesi.

Hapo lazima nieleze kuhusu mkalimani. Mama alijua Kiingereza vizuri. Alikuwa akikizungumza kazini kutwa nzima na wazee wasiosikia. Lakini siku tuliyoandikishwa, mtu fulani aliona lugha ya nyumbani ni Kiswahili, na tangu hapo kila tukienda, kabla Mama hajafungua mdomo, daktari anawasha simu ya mkalimani na kuiweka mezani. Mama alishakataa mara nyingi, wakaendelea kumletea. Siku ile alikuwa na wasiwasi, akawaacha wamwite.

Sauti ilikuwa ya mwanamke, wa Tanzania, yenye adabu na utaratibu. Daktari, msichana mwembamba, alizungumza kwa haraka akimtazama Mama machoni, na ile sauti ikangoja, kisha ikasema: "Daktari anasema vipimo vimeonyesha kwamba damu ya mtoto ina risasi."

Mama alisimama na Tumaini mkononi. "Risasi? Nani amempiga mtoto wangu risasi?"

"Hapana, mama, hajapigwa. Ni risasi iliyomo kwenye damu."

"Imeingilia wapi? Mimi namwogesha kila siku, hana kidonda."

Alimgeuza Tumaini, akampandisha fulana, akaanza kumkagua mgongo pale mbele ya daktari. Daktari alisema jambo lingine, na ile sauti ikalifasiri bila kutetereka. "Daktari anauliza, je, nyumbani kwenu ipo risasi?"

"Zipo," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Ziko nyingi."

Nikiwa mtu mzima nimeifikiria sana ile silabi moja, ipo na zipo. Mkalimani aliuliza kuhusu madini. Mama alijibu kuhusu vitu vya kuhesabika vilivyopangwa kwenye visanduku chini ya nyumba yetu. Sisi watu wa bara tulijifunza risasi kuwa kitu kinachotoka kwenye bunduki, basi; yale madini laini, mazito, ambayo vichwa vya risasi hutengenezwa kutokana nayo, tunayaita kwa Kizungu. Kwa watu wa pwani na wenye Kiswahili chao kamili, risasi ni vyote viwili. Daktari alipoona Mama anaanza kumkagua mtoto tena alizima simu akasema neno lenyewe polepole, kisha akaliandika kwenye karatasi: lead. Mama akaketi. Mimi nikachungulia lile neno nikalisoma vibaya, kama lile jingine la Kiingereza la kuongoza, lenye herufi zilezile, kwa sababu wiki ile ndiye mimi niliyekuwa nikiongoza mstari darasani. Daktari akanisahihisha kwa upole. Likanikaa kichwani na matamshi yake.

Lakini lilinikaa kama neno tu. Nilichoelewa mimi ni kile alichosema yule mwanamke kwenye simu: ndani ya damu ya Tumaini kuna risasi. Na Baba alikwisha kunifundisha kwamba risasi haitaki joto. Kwenye gari nilizima hita ya viti vya nyuma. Nyumbani nilimvuta Tumaini kutoka kila alipokaribia jiko. Nilipuliza uji wake mpaka ukaganda, na nilipomkumbatia nilijizuia nisimbane sana. Nilikuwa na hakika kwamba ndani ya ile mikono minene kuna vitu vyenye ncha vinaelea, vinangoja mtu akosee. Sikumwambia yeyote.

Baba aliporudi kazini, Mama alikuwa ameketi jikoni bado na koti.

"Ni lead," alimwambia. "Kwa damu ya mtoto."

Baba alishika kichwa. Aliuliza Tumaini yuko wapi, akataka kumchukua, Mama akamwambia asimguse na hizo nguo. Hapo nadhani alielewa, maana alirudi nyuma hatua moja. Lakini mdomo wake ukaenda kwingine. "Hii nyumba ni ya zamani. Hizi rangi za ukuta za zamani ziko na hiyo lead. Niliona kwa habari."

Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi. Wakati ule Kiswahili nilikuwa nikikisikia na kujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa mtaa wetu, ila sentensi ya mtu mwingine niliweza kuirudia kama kasuku. Nikasema, "Ami Shaabani said it. Vumbi lake lina risasi."

Baba alinitazama. Alianza kusema, "Yeye alimaanisha risasi ya..." Alifungua viganja vyake akaviangalia, pande zote mbili.

Mama alimpigia Ami Shaabani simu, akaiweka mezani tusikie wote.

"Mimi nilimwambia, shemeji," Ami alisema. "Muulize. Nilimwambia lina risasi."

"Na yeye akafanya nini?"

"Akacheka."

"Na wewe?"

"Nikacheka nami," alisema. "Nilidhani amejua."

"Ulijua nina mtoto mdogo, ukampa, ukacheka."

Nilimpenda Ami Shaabani kabla ya siku hiyo. Baada yake hata Kiswahili chake kizuri kilinichukiza, kile kilichokuwa sahihi na kisimsaidie mtu.

Mama alitupa kichungi, zulia la besmenti, bibu zote, nusu ya nguo zetu. Alipiga deki kwa maji kila siku, akatunawisha mikono mpaka ikapasuka. Presi na zile mizani mbili zilizosahihishana Baba alizihamishia kwa rafiki yake mwingine, na baadaye akaacha kabisa. Damu ya Tumaini ilipimwa tena na tena, na polepole sana ikaanza kuwa safi. Alichelewa kusema. Leo ni mtu mzima, ana kazi, ana mchumba, na bado huwa anasimama katikati ya sentensi akitafuta neno ambalo lilikuwa hapo sasa hivi, kisha anajicheka. Hakuna daktari aliyewahi kukubali kutuambia kipi ni cha risasi na kipi ni chake mwenyewe. Mimi humtazama akitafuta lile neno.

Baba amezeeka na amekuwa msimuliaji. Kwenye sherehe, watu wakishashiba, wanamwomba ile ya kliniki, na yeye husimama na kuigiza sauti ya mkalimani, halafu ya Mama: nani amempiga mtoto wangu risasi? Watu hucheka mpaka wanafuta machozi. Tumaini hucheka kuliko wote. Mimi huwa naondoka kwenda kunawa mikono. Hadithi ya Baba huishia pale kliniki, na kuna kipande chake ambacho ni mimi na yeye tu tunaokijua.

Lile bakuli la buluu lilikuwa limekaa nje barazani, limefungwa kwenye mfuko mweusi, miezi kadhaa. Mama alikuwa amesema litupwe. Jumamosi moja Mama akiwa kazini na Tumaini ameachwa kwa jirani, Baba aliliweka kwenye buti ya gari akaniambia twende naye. Tulifika Silver Spring, kwenye maegesho ya duka la vyakula vya Kiafrika, na kijana mmoja Mkenya aliyekuwa akilitaka lile bakuli alikuwa akitungoja kando ya gari lake. Alikuwa mchangamfu, alinisalimia mimi kwanza. Baba alitoa lile bakuli, wakaliinua, wakaligeuza.

"Iko sawa kabisa, mzee?"

"Iko fiti. Inatikisa vizuri."

"Na kifuniko?"

"Kilivunjika, lakini si shida."

Yule kijana akafungua mlango wa nyuma ili aliweke. Kwenye kiti cha nyuma palikuwa na kiti cha mtoto mdogo, kimejaa makombo ya biskuti, na mwanasesere wa kitambaa aliyenyonywa sikio mpaka likawa jeusi. Baba alikiona. Najua alikiona kwa sababu aliinamisha macho, akajikuna shingo, na kwa sauti ya chini akasema, "Lakini nikuambie ukweli. Vumbi lake lina risasi."

Kijana akacheka. "Sasa mzee, mashine ya kusafisha risasi si lazima iwe na risasi?"

Na Baba akacheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha kibandani, chepesi, cha kirafiki, cha mtu aliyekwisha kumaliza kazi yake.

"It's lead," nikasema. Nililitamka vile daktari alivyonifundisha. "He means lead. My sister ate the dust and it went in her blood."

Yule kijana aliacha kucheka. Alitazama kiti cha mtoto, akaliweka bakuli chini juu ya lami, akajifuta mikono kwenye suruali, kisha akaiangalia ile suruali. "Mzee," alisema, "uko na mtoto amegonjeka na hii kitu, na unaniletea?"

"Si nimekuambia? Umenisikia nikikuambia."

Kijana aliingia kwenye gari lake akaondoka. Baba alilirudisha lile bakuli kwenye buti. Tuliendesha mpaka tukasimama kwenye taa nyekundu.

"Mbona umeniaibisha mbele ya mtu?" alisema. "Nilimwambia. Si ulisikia nikimwambia?"

"Nilisikia, Baba," nikamjibu, kwa Kiswahili. "Akacheka vile ulicheka. Ndiyo maana nikamwambia tena kwa Kizungu."

Baba alifungua dirisha lake, kisha akafungua na langu, lakini ile harufu ya magunzi ilikuwa imeshaingia kwenye viti.